Kurasa za Kukatwa kwa Kisu

Shangazi yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Gundi, alijifunza kushona vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, na kustaafu hakukumwachisha. Kila mwaka alimtengenezea mwanawe wa pekee, aliyehamia mbali, kitabu kimoja. Kurasa alizikunja na kuziacha zimeshikana ukingoni. Nje ya mkunjo alibandika majani makavu ya uani na manyoya ya njiwa. Ndani aliandika visa vya nyumbani, visivyosomeka mpaka msomaji akate ukingo mwenyewe kwa kisu.

"Asiye na subira asisome," alisema.

Ndani ya mkunjo wa mwisho aliandika kila mara: "Mwanangu, chumba chako nimekipaka chokaa. Njoo."

Mwana hakuja, wala hakuutaja mwaliko. Kwenye simu alisifu tu: "Vizuri mno, Mama!" Shangazi alivimba kwa hasira, lakini kumwuliza hakutaka.

"Mtu habembelezwi kuja kwao," alinung'unika, huku akipaka chokaa upya.

Mwaka wa saba uvumilivu ulimwishia. Akafunga safari, nami nikambebea mkoba. Binamu yangu alitupokea kwa shangwe, akatupeleka moja kwa moja kwenye kabati la vioo. Vitabu vyote sita vilikuwemo, havina hata alama ya kidole.

"Hapa hakuna anayeruhusiwa kuvigusa, Mama," alisema kwa fahari.

Shangazi akatoa cha kwanza, akapitisha kidole ukingoni. Hakuna ukurasa uliokatwa.

"Niletee kisu," akasema.

"Mama, tafadhali! Utakiharibu!"