Fundo Lililoungua

Nilikuwa mtoto bado, wa umri wa kutumwa kisimani peke yangu, nilipojifunza kuiogopa mbingu tupu. Watoto wengine wa Mtoni, kule upande wa Temeke, waliogopa chui na nyoka. Mimi niliogopa asubuhi isiyo na wingu, kwa sababu kila asubuhi ya namna hiyo iliwasogeza watu karibu zaidi na mlango wetu.

Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi yangu aliyeitwa Bi Tatu, mwanawe Mjomba Salehe, na mimi. Mjomba alikuwa mchoma chokaa. Alipanga magogo ya mikoko kwa duara, akarundika matumbawe juu yake, akatia moto, na moto ukawaka usiku na mchana mpaka mawe yakawa meupe na mepesi kama mifupa ya zamani. Mji ulikuwa unajengwa wakati ule wa Mwingereza, na chokaa ilitakiwa sana. Adui wa chokaa ni mvua. Ikilinyeshea tanuri linalowaka, kazi yote hugeuka matope.

Kwa hiyo wachoma chokaa wa kwetu waliifunga mvua kabla ya kuwasha. Mjomba alichana kipande cha kaniki, ile nguo nyeusi ya wanawake, akatia ndani kijiwe na chumvi, akapiga fundo, akalitundika kwenye mti aliousimika kando ya tanuri. Tanuri likipoa, alilifungua fundo na kukitupa kijiwe majini. Hakuna aliyemlaumu. Ilikuwa kama kumwomba jirani apite njia nyingine mpaka sakafu yako ikauke.

Mwaka ule aliwasha masika ikiwa karibu. Bibi alimkataza.

"Vuli ni mvua ya kuchezea, Salehe. Masika ni chakula cha watu."

"Siku chache tu, mama."

"Na usipowahi kuifungua?"

Mjomba alicheka. "Nani atanizuia?"

Aliyemzuia alikuja mchana kweupe. Nilikuwa nimempelekea ugali wa muhogo, nikaona vumbi likisimama peke yake ufukweni, likizunguka, likiokota majani makavu na majivu. Kinyamkera, yule pepo wa kisulisuli. Nilijua la kufanya, nikainama na kufumba macho. Nilipofumbua, ndimi za moto zilikuwa zimelala upande mmoja na mti wa fundo ulikuwa unawaka kuanzia juu. Mjomba aliurukia kwa mikono mitupu. Alichopata ni jivu jeusi na viganja vilivyoungua.

Alikaa chini mchangani. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa na uso ule.

"Usimwambie mtu, Mwaju," alisema. "Hata kwa mzaha."

Masika haikuja. Upepo wa kaskazi ulikata, wa kusi haukuanza, na katikati palibaki joto lisilotikisa hata ukuti. Mawingu yalikusanyika upande wa Mbagala kila alasiri, meusi kabisa, watu wakatoka nje kuyatazama, kisha yakatawanyika. Wenye mashamba ya mpunga bondeni walikuwa wamepanda katika udongo mkavu, kama ilivyo desturi, wakitegemea mvua ya kesho. Mchwa na ndege wakala mbegu. Maji ya kisima yakaanza kuwa na chumvi. Mashehe waliwapeleka watu uwanjani kuswali na kuomba mvua, nasi tukaenda, Mjomba akasimama safu ya nyuma na viganja vyake vilivyofungwa matambara. Niliwaona watu wakivitazama.

Kisimani wanawake walivuta ndoo zao kando nilipofika. Siku moja mmoja alinipisha mbele ya foleni.

"Mpisheni mtoto wa wenye mvua," alisema. "Asije akatufungia na kisima."

Wengine wakacheka, lakini kwa midomo tu. Nilirudi na ndoo nusu.

Nyumba yetu ilikuwa ya makuti, na wakati wa ukavu nyumba ya makuti inahitaji kijinga kimoja tu cha moto. Bibi alilijua hilo. Kila jioni alimwaga maji ya kuoshea vyombo juu ya paa, kidogo kidogo, kana kwamba anamwagilia mchicha.

Walikuja baada ya alasiri, wanaume wengi, mbele yao Mzee Kibwana, mwenye shamba kubwa kuliko wote bondeni. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenipa jina la utani la Mchele nilipoota meno. Siku ile hakuniita kitu. Nilimwamkia, shikamoo yangu ikabaki hewani.

"Salehe," alisema, "hatukuja kwa shari. Wajukuu zangu wanakula mizizi. Tupe fundo letu."

Mjomba alifungua mdomo. Nilijua angesema kweli, na nilijua kweli ile ingetuua, kwa maana fundo lililoungua halina wa kulifungua. Mtu mmoja nyuma alikuwa na kiberiti mkononi, akikitikisa taratibu, labda bila kujua.

"Analo mama yake," Bibi alisema kutoka ndani. "Yeye nimemnyang'anya."

Akatoka na kipande cha kaniki kilichofungwa. Hakumpa Mjomba, alimpa Mzee Kibwana.

"Fungua wewe, kaka. Mikono ya Salehe inauma. Na wewe ndiye mwenye njaa."

Mzee Kibwana alilipokea kwa mikono miwili. Fundo lilikuwa gumu, akatumia meno. Kijiwe kikaanguka, chumvi ikamwagika miguuni pake, watu wakarudi nyuma hatua moja. Kisha wakaondoka bila kuaga.

Usiku huo nilijifunika kaniki ya Bibi na vidole vyangu vikaikuta pembe iliyochanwa karibuni. Nadhani hofu yangu ya kweli ilianzia hapo. Kabla ya siku ile watu walikuwa wanangoja fundo. Sasa walikuwa wanangoja mvua, na sisi watatu tulijua kwamba haikuwemo katika fundo lile.

Mjomba alitaka kukimbia. "Ukikimbia umekiri," Bibi alimwambia, naye akabaki, hali, halali, akitazama mawingu kama mfungwa anayemtazama hakimu.

Yalikuja mchana mmoja, mawingu yale yale, lakini safari hii hayakutawanyika. Giza liliingia, kuku wakapanda kulala, upepo ukang'oa makuti yaliyofunika chokaa iliyobaki tanurini, na mvua ikaipiga. Chokaa ikachemka, kama ifanyavyo chokaa mpya ikikutana na maji. Moshi mweupe ulipanda kutoka Mtoni ukiunguruma, mrefu kuliko minazi, ukaingia mawinguni. Watu wa bondeni waliuona, wakaapa kwamba mvua ilitoka pale. Mjomba alikaa uani akilowa, akilia kwa sauti.

Ilinyesha mpaka mto Mzinga ukafurika na kuchukua miche iliyopandwa upya. Hapo lawama ikahama. "Kibwana amelifungua lote," watu walisema. "Angeacha kidogo." Mzee wa watu aliishi na maneno hayo mpaka kufa kwake. Mjomba aliacha chokaa, akaenda kupakua mizigo bandarini.

Nilipokwisha kuwa mwalimu na kusoma vitabu vya jiografia, nilimweleza Bibi habari za upepo na bahari, na mahali mvua inapopikwa. Alisikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo fundo langu halikuwa kitu."

"Halikuwa kitu, Bibi."

"Najua. Nililifunga mwenyewe." Akaendelea kuchambua mchele. "Ninaloliogopa ni lile jingine, lililoungua."

Nilitabasamu. Nilikuwa kijana.

Siku hizi mjukuu wangu, ambaye amesomea mambo ya hewa, ananiambia kwamba moshi wa mioto ya watu, ya hapa na ya mbali, umekaa juu na haushuki, na ndiyo maana masika sasa huchelewa, au huja yote kwa siku moja na kuzoa nyumba za watu. Nilimuuliza ni nani anayeweza kuushusha. Alisema ule uliokwisha kupanda ni vigumu, labda kupunguza mioto.

Sikumweleza habari za kaniki. Nilitoka nje nikasimama uani. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa masika, mbingu nyeupe, haina hata wingu moja, na hofu ile ile ya utotoni ikanirudia, nikajikuta natega sikio kama kuna watu wanaokuja.