Reli ya Kambo

Shule yetu, hapa mtaa wa Ruashi, kengele yake ni kipande cha reli. Mlinzi anakigonga kwa bolti, sisi tunaingia kama mbuzi. Asubuhi moja hakipo. Nikainua mkono: "Mwalimu, labda imetutangulia mapumziko." Darasa likacheka, hata rafiki yangu, jirani wa benchi. Kumbe yeye ndiye aliyeiuza.

Kwa polisi alijitetea hivi: "Ile reli njo kambo yangu aliletaka, wakati alikuwa anatumika ku treni. Nimechukua ya kwetu." Na kweli, babu yake, mfanyakazi wa reli zamani, ndiye aliyeileta shuleni. Tangu baba yake aende Kipushi kutafuta kazi na kunyamaza, bukari, ugali wetu, kwao ilipikwa leo, kesho ikasimuliwa. Hilo hakuna aliyemuuliza.

Wakamfunga pamoja na wanaume wazima. Aliporudi, kichwa kimenyolewa, mtaa mzima ukawa hakimu.

"Wangemubakisha kule," muuza makala, makaa ya kupikia, alisema, huku akiingiza ndani viatu vya watoto wake. "Leo reli, kesho ataiba treni."

Nilicheka, kisha nikaona mama yake rafiki yangu amesikia.

Mama huyo alitaka jambo moja: mwanawe apokelewe tena. Jumapili akamleta misa, shati limepigwa pasi. Padri akasema tupeane amani. Kwetu hapo kanisa linageuka soko, watu wanaruka mabenchi kushikana mikono. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu, yule yule aliyepokea reli bila swali, alishikwa mikono mpaka akatoka jasho. Rafiki yangu alinyoosha wake. Huyu akampa mgongo, yule akaanza kutafuta rozari mfukoni. Mama yake peke yake akaushika, akaushika tena, kama vile yeye ni watu wengi.

Nikatoka kwaya mbio, nikafika nikihema.

"Amani, mwizi wa treni!"

Zamani angenipiga kiwiko, tucheke wote. Mkono ulikuwa umesharudi mfukoni.

"Acha tu," akasema, macho chini.

Jumatatu mlinzi aligonga reli mpya. Niliketi nusu yangu ya benchi, nusu yake nikaiacha. Wakati wa mapumziko mama yake alisimama mlangoni na sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Mwana, niitie mwenzako. Alitoka mapema, akasema anakuja kusoma. Leo nimepika."

Bukari ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Mama," nikamwambia, "huku hakufika."