Binti yangu alipiga magoti na keki, mimi sikusimama

Admin, jina langu lifiche, ila Tabora itaje. Hapa mjini kisa changu wanakijua, tatizo ni kwamba wanakijua upande usio wake.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, fundi cherehani Ng'ambo, nimeolewa, nina watoto watatu. Mdomo ninao. Mteja akileta kitambaa pungufu namwambia hapo hapo. Lakini kuna jambo nimelinyamazia miaka ishirini na minne: mkojo unanitoka. Nikikohoa, nikipiga chafya, nikicheka sana, nikinyanyua ndoo, unatoka. Ulianza nilipomzaa binti yangu wa kwanza kule Usoke, uchungu wa siku mbili, mtoto mkubwa. Mama yangu aliniambia ndio uzazi, nitazoea. Nikazoea kweli. Najishonea vitambaa vya kuvaa ndani, nguo zangu zote za rangi iliyokolea, kanisani nakaa karibu na mlango. Mume wangu nilimwambia ni UTI. Dawa za UTI nimemeza za kutosha kufungua duka.

Mwaka juzi binti akaleta mchumba. Mwanaume ana mtoto tayari na kamzidi miaka kumi. Nikapinga, tena kwa sauti, ukoo mzima ukasikia. Baadaye nikamjua yule kijana, nikaona ana heshima na anampenda mwanangu, nikakubali kwa moyo mmoja. Ila kupinga nilipinga kwa kelele, kukubali nikakubali kimyakimya.

Kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ikachagua sare ya akina mama: satini, rangi ya pichi. Jamani, satini ya pichi! Tone la maji tu linaonekana mpaka nyuma ya ukumbi. Nikaomba tushone bluu iliyokolea. Wifi yangu akanitazama, akasema, "Wifi, unataka tuvae msiba kwenye shughuli ya mtoto?" Nikazishona zote mwenyewe, ya kwangu nikaiwekea bitana mara mbili.

Siku yenyewe, ukumbini Cheyo, maji sikugusa tangu asubuhi. Tuliingia kwa kucheza, nikacheza nimebana mapaja, nikafika kwenye kiti salama. Kilichoniponza ni kicheko. MC alimtania mume wangu kuhusu suti yake, nikacheka kutoka moyoni, na mkojo ukatoka wote. Siyo matone. Nguo yote nyuma, na kiti.

Dakika hiyo hiyo MC anaita, "Baba mzazi, mama mzazi, simameni mlishwe keki!" Binti yangu akaja, akapiga magoti mbele yetu na sahani. Baba yake akasimama. Mimi nimekaa.

"Mama, simama," mume wangu akaninong'oneza.

"Niache."

Kamera ipo usoni, muziki umezimwa. Mwanangu ananitazama kutoka chini, tabasamu linaisha taratibu. Nikamwambia, "Weka hapo mezani, mwanangu." Akaweka. Nikaona hakuna namna, nikaisukuma chupa ya soda inimwagikie mapajani ili doa lipate sababu. Kwenye video anaonekana mama aliyekataa keki, halafu akapiga soda kofi. Nilimvunja moyo mbele ya watu wote aliowaalika.

Wiki ya pili akapiga simu. "Shikamoo mama. Ungeniambia tu nyumbani kwamba hujakubali. Kwa nini ulisubiri nipige magoti?" Na mdomo wangu wote huu, nikakosa neno. Akasubiri, akakata. Tangu hapo anaongea na baba yake tu.

Miezi saba iliyopita nilikwenda kupima presha, nikapiga chafya mbele ya nesi. Akaona. Ni mama mtu mzima, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole, nikalia mpaka presha ikabidi ipimwe upya. Wakapima mkojo na sukari, vyote salama, UTI hamna. Akasema misuli inayoshikilia kibofu ililegea nilipojifungua, hali hiyo inawapata wanawake wengi, na inatibika. Akanifundisha kuibana kama mtu anayezuia ushuzi, nihesabu mpaka tano, niachie, nirudie mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, na nikizoea nifike kumi. Maji ninywe kama watu, chai nipunguze. Isiponisaidia, kuna kifaa cha kuweka ukeni, na kuna upasuaji. Nafanyia kwenye cherehani: mteja ananieleza mshono, mimi nabana. Mwezi wa nne wa mazoezi nikaona tofauti. Leo nacheka nikiwa nimevaa njano. Lakini naumia, miaka ishirini na minne imepita bure kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema.

Sasa mwanangu ana mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza kwetu binti hurudi kwa mama yake. Yeye amemwambia baba yake atajifungulia kwa mama mkwe, Igunga. Juzi walikuwa wanaongea, simu ipo kwenye spika, mimi napiga pasi pembeni. Akacheka, akakohoa, kicheko kikakatika. "Baba, nitakupigia baadaye," akasema haraka haraka. Mume wangu akasema ni mtandao. Siyo mtandao. Sauti ile naijua, nimeitumia nusu ya maisha yangu.

Nikimwambia ukweli, atajua tatizo lilianza siku niliyomzaa yeye, na naogopa kumtisha kabla ya leba. Anaweza pia kusema natafuta kisingizio baada ya kumwaibisha. Nikinyamaza, ataanza kujificha kama mimi, na hatakuwa na wa kumwuliza.

Nyie mabinti, ungetaka mama yako akuambieje? Na wenzangu mliowahi kuficha jambo hili, nishaurini: nipande basi la Igunga sasa, au nisubiri ajifungue? Na akinifungulia mlango, neno la kwanza niseme nini?