Kamba ya Mama Kambi

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, yule mama aliketi sakafuni akafunga fundo kwenye mguu wa kitanda chake. Alikuwa na kipande cha kamba, kirefu kama mkono, kimekuwa cheusi kwa jasho. Alikizungusha, akakikaza, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote mpaka kitanda kikalia. Halafu akaanza kufungua, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Siku za joto vidole vilimsikiliza. Siku za baridi vilikuwa kama vya mtu mwingine, akamalizia kwa meno.

"Mama, kitanda kitavunjika," mkwe wake alisema kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Hakivunjiki."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya asubuhi.

Nyumba ilikuwa ya mwanawe, dereva wa lori la safari ndefu. Akirudi alilala, akiamka aliondoka. Mkwe alikuwa msusi, na wateja wake aliwasukia pale pale sebuleni, kwa hiyo mchana kutwa sebule ilijaa vicheko. Mama hakunyimwa kitu. Walimpisha kiti, wakampa chai yake ya kwanza kabla ya wengine, kisha wakaendelea na yao. Hakuna aliyemuuliza jambo, labda kama ameuona ufunguo.

Kule msituni alikuwa na jina. Waliokuwa wakihesabu miti walimwita Mama Kambi, maana miaka mingi alikuwa ndiye anayewapikia na kuwatunzia kambi wakati wao wako porini. Jioni walianza kumwita wangali mbali.

"Mama Kambi, leo kuna nini?"

"Kuna maji ya moto na matusi. Anzeni na mnachotaka."

Msimu wake wa mwisho mto ulifurika, wakalazimika kuhama mbio mbio. Kazi yake ilikuwa kushusha maturubai. Kamba zilikuwa nyembamba, mafundo yameng'ang'ania kwa mvua, na vidole vimekufa ganzi. Akatoa kisu, akakata. Walihama salama, lakini kule walikohamia kamba zilikuwa vipande vipande, hazifungi hata mdomo wa gunia. Wakalala wamejifunika turubai kama mizigo, wamelikandamiza kwa mawe. Hakuna aliyemsema. Ila msimu uliofuata hakuna aliyempigia simu.

Sasa simu ikalia. Alikuwa kiongozi wa kikosi cha wahesabu miti.

"Mama Kambi, bado upo?"

"Nipo."

"Tunakuhitaji. Lakini mtunza stoo ana sharti lake siku hizi. Kila mtu anakuja na mkoba wake na kamba zake. Anafunga turubai uani, analishusha, bila kisu. Utaweza?"

"Nitakuja."

"Sijauliza kama utakuja."

"Nimesikia ulichouliza."

Akaenda duka la vifaa. Muuza kamba alikuwa amezitundika mafungu mafungu kwenye mti uliolazwa juu ya mlango.

"Ya kufungia nini, mama? Mbuzi, ndoo, au mume?"

"Mume alikuwa mtulivu mpaka anakufa, hakuhitaji kamba. Nataka ya turubai. Ya kubeba mgongoni."

Akashika ya katani kwanza. Aliipenda inavyoshikika, ina ukali kidogo kama ulimi wa ng'ombe. Lakini katani ikilowa huvimba, fundo likawa jiwe, na ikikaa mvuani huoza. Akaiacha. Ile ya plastiki ya bluu ilikuwa nyepesi na haiozi, ila ina utelezi. Fundo lake hujifungua lenyewe wakati wewe umelala. Nailoni nene ilikuwa ngumu, nzito, ukiikunja inarudi kama ilivyokuwa.

"Ukibeba hii, sufuria unaiacha," alisema.

"Basi chukua nailoni nyembamba. Watu wote wa porini wanachukua hiyo. Haikatiki, inaingia mfukoni."

Mama aliijua. Ndiyo ile ile iliyomshinda mtoni.

"Kwa hiyo kamba ya kukufaa wewe haipo duniani," muuza kamba alisema.

"Ipo. Haijafika dukani kwako."

Mwishowe aliinunua ile nyembamba, fungu zima, kwa kukosa nyingine. Nyumbani akailoweka kwenye ndoo, akaifunga kwenye mguu wa kitanda, akavuta. Fundo likagoma. Akajaribu la pili, likagoma nalo. Akakaa pale sakafuni akiyatazama. Alijua kwamba asipofaulu uani hataitwa tena, na sakafu ile ndiyo itakayokuwa yake.

Mkwe akachungulia mlangoni kutafuta kitana chake, akaona.

"Imekataa?"

"Imekataa."

Mkwe akachutama, akaisokota ile kamba kati ya vidole viwili. "Hii ni kama nywele za mteja wangu mmoja. Ukisuka nyembamba zinajikaza, kuzifumua ni kilio. Mimi nazijumlisha, nasuka nene."

Tangu mvua zianze, hakuwa amemwambia maneno mengi kiasi hicho. Mama akainua uso.

"Na hii unaweza kuisuka?"

"Nipe."

Wakaenda sebuleni. Mteja wa mchana huo alikuwa ameahirisha, viti vilikuwa vitupu. Mama akashika ncha, mkwe akagawa nyuzi tatu na kuanza: kushoto, katikati, kulia, mikono inakwenda yenyewe. Magoti yao yalikaribia kugusana. Mama akatafuta la kusema. Akakumbuka habari ya nyani aliyeiba mfuniko wa sufuria akaupeleka juu ya mti, akaupigapiga kama ngoma. Alikuwa anaipanga vizuri, aanzie wapi, simu ya mkwe ikalia.

Mkwe akaiweka mezani, sauti juu. Rafiki yake alikuwa anasimulia mteja aliyesinzia kwenye kiti mpaka akaanguka. Wakacheka. Mama naye akacheka. Mkwe akamtazama kidogo, kama mtu aliyesikia kiti kinaongea, akarudi kwenye simu. Rafiki alitoka kwa mteja akaingia kwa jirani, akatoka kwa jirani akaingia kwa bosi wake. Kamba ikawa inakua, mama anaikunja mapajani taratibu, na habari ya nyani ikabaki kifuani.

"Unafanya nini wewe, mbona unahema?" rafiki aliuliza.

"Namsukia mama kamba."

"Kamba ya nini?"

Mkwe akageuka. "Eti mama, ni ya nini kwani?"

"Ya safari."

"Ya safari," mkwe aliiambia simu, na maongezi yakaendelea.

Mwisho akawasha kiberiti, akaunguza ncha kama anavyofanya kwa rasta, akaibana kwa vidole vilivyolowa. "Haifumuki hii."

"Ahsante, mwanangu."

Ilikuwa fupi sasa, kusuka kumekula urefu. Lakini ilikuwa laini na nene, na mama alipoilowesha na kuivuta, fundo lilimkubalia.

Siku ya kujaribiwa manyunyu yalikuwa yanaanguka uani kwa stoo ya kikosi. Mtunza stoo, mtu asiye na maneno mengi, alipima mkoba kwa kuuinua, akachukua kisu cha mama akakitia mfukoni mwake. Akaivuta kamba.

"Hii ni nywele?"

Wahesabu miti wakacheka. "Mama Kambi amemnyoa nani huyo?"

"Wanaofuata ni ninyi," aliwajibu, na kwa muda mfupi ilikuwa kama jioni za zamani.

"Ni fupi," mtunza stoo alisema.

"Nitafunga chini."

Akalifunga turubai lake chini, likakaa kama kuku anayeatamia, wakati ya wengine waliokuja kujaribiwa yalisimama wima. Mtunza stoo akaning'inia kila pembe, akamwagia mafundo maji, akawaacha hapo, akaenda kunywa chai. Aliporudi alisema neno moja tu.

"Shusheni."

Fundo la kwanza likafunguka. La pili pia. La mwisho likakaza, naye akahisi watu wote wanamtazama mgongoni, japo kila mmoja alikuwa na lake. Hakulivuta. Aliisukuma kamba ndani ya fundo kidogo kidogo kwa kidole gumba, mpaka msuko ukalegea na kumwachia. Hakuwa wa kwanza, wala wa mwisho.

Mtunza stoo akamrudishia kisu. Kiongozi akamvuta pembeni.

"Nafasi iliyobaki ni ya kambi ya juu. Ile haifungwi. Sisi tukishuka msimu ukiisha, anabaki mtu wa kuishika. Kila niliyempa ameikimbia. Upweke wa kule unaujua?"

"Tunajuana."

"Msimu huu na unaofuata?"

"Niandike na misimu inayofuata huo."

Alimpigia mwanawe simu. Alikuwa barabarani, upepo unavuma kwenye simu. "Sawa mama, tutaongea nikirudi." Asubuhi yake akavaa mkoba. Sebuleni mkwe alikuwa na mteja, kichwa nusu kimesukwa, na simu mezani inaongea.

"Nakwenda, mwanangu."

"Haya, mama. Rudishia mlango, vumbi linaingia."

Akaurudishia taratibu, usije ukabamiza, akaifuata njia mpaka barabarani, ambako gari la kikosi lilikuwa linangoja. Nyumba ile hakuikanyaga tena.