Programu Isiyongoja Amina

Baada ya chuo nilifanya kazi katika saiba moja, duka la huduma za intaneti, mjini Kitale. Msimu wa matokeo ya mtihani ulipofika, niliandika programu fupi iliyofungua kivinjari, ikajaza namba ya mtahiniwa na kuchapisha alama bila mimi kugusa kipanya. Niliionea fahari.

Siku moja mama kutoka Bungoma alinipa namba ya bintiye aliyetaka kusomea uuguzi. Nilipoiingiza, alifumba macho aombe, kama wazazi wengi walivyozoea kabla ukurasa haujafunguka. Printa ikanguruma.

“Ai, kijana wangu, si ungengoja niseme amina?”

Alama hazikutosha. Aliikunja karatasi, akanishukuru, akaondoka. Nami niliongeza mstari mmoja: programu isifungue ukurasa mpaka nibonyeze kitufe.