Siku Kenda Iliponikubalia Kosa

Mwezi uliopita, kwenye soko la Kasongo, nilimsikia mama mmoja akihesabu mafungu ya sombe, majani ya muhogo: saba, nane, kenda. Nilisimama pale na kikapu changu kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Siku hizi ni tisa, au neuf ya Kifaransa. Kenda, rafiki yangu, sikuwa nimeisikia tangu koko atutoke. Koko ndivyo tulivyomwita nyanya.

Mwalimu wetu wa darasa la tano ndiye aliyetueleza kwamba sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu, yaliyofika na wafanyabiashara wa zamani wa Nyangwe, lakini kenda ni ya wazee wetu wa Kibantu. Aliipenda namba hiyo. Kila tukizidisha, alitaka tulipime jibu kwa kenda, preuve par neuf kwa Kifaransa. Unajumlisha tarakimu mpaka ibaki tarakimu moja, nayo ndiyo inayobaki ukitoa kenda zote: 58 inakuwa 13, kisha 4, 47 inakuwa 11, kisha 2. Nne mara mbili ni nane, basi na jibu lako likijumlishwa lazima litoe nane. Tulichora msalaba uliolala pembeni mwa daftari, tukaziweka namba kwenye pembe zake.

Mwisho wa mwaka mwalimu alikuwa achague mtoto mmoja wa kwenda kushindana na shule za Kabambare. Wazazi walialikwa. Koko alikuja na kitambaa chake kipya, akaketi nyuma kabisa. Niliitwa kwenye tablo, ubao wa darasa, nikapewa hiyo hiyo 58 mara 47. Niliandika 2762, nikapima, ikatoka nane. Watu wakapiga makofi. Mwalimu peke yake hakupiga. Akaniomba nirudie.

"Lakini mwalimu, kenda imekubali," nilisema.

"Kenda inajua wale watu ni nani," akanijibu polepole, akigusa tarakimu za jibu langu kwa kidole. "Haijue kila mutu iko anaikala wapi. Ikikatala, umekosea. Ikikubali, angalia tena."

Jibu lilikuwa 2726. Nilikuwa nimebadilisha fasi ya mbili na sita. Alichaguliwa msichana mwingine, nami nikarudi nyumbani nikilia njia nzima, koko akinishika mkono.

Tulipofika alitandika mkeka nyuma ya jiko, akamwaga kalanga mbichi. Hakuwahi kusoma, lakini alitaka kuona kenda ilidanganywa namna gani. Nikamhesabia mafungu mawili, moja la 26 kama mwisho wa jibu la kweli, la pili la 62 kama mwisho wa langu. Akaniambia nitoe katika kubwa zile zinazolingana na dogo, zilizobaki nizipange kenda kenda. Zilitoka kenda nne, hazikubakia hata moja. Tukajaribu 13 na 31: kenda mbili. Tukajaribu 47 na 74: kenda tatu. Mimi machozi yalikuwa yamekauka zamani, na koko alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yakimtikisika.

"Basi haikudanganywa," akasema. "Ulikosea kwa kipimo chake yenyewe, kenda tupu."

Kesho yake nilimweleza mwalimu. Aligeuka, akaandika yote kwenye tablo kwa chaki nyeupe: ukibadilisha fasi za tarakimu, tofauti hugawanyika kwa kenda. Akawaambia wenzangu kwamba asubuhi ile yeye ndiye aliyefundishwa. Maandishi yale hayakufutwa mpaka Jumamosi. Kabambare sikwenda, na nakuambia kweli, sikuijutia.

Shule ile imejengwa upya, mwalimu amelala makaburini kwao, na watoto wa dada yangu hupata majibu kwenye simu kabla sijamaliza kuuliza. Wanapata sawasawa, siwalaumu. Ila hawakosei muda wa kutosha. Hakuna anayeketi nao chini alasiri nzima, mikono ikinuka udongo wa kalanga, wakaligeuza kosa huku na huku mpaka likaanza kuwapendeza.