Adelfina na Wakwe wa Pembeni

Adelfina binti Rogasian ni mpiga picha wetu hapa Murusagamba. Nimemjua tangu akibebwa mgongoni, shamba la migomba la kwao limepakana na langu, kwa hiyo habari zake sisimuliwi na mtu. Wengi humwona leo na kamera shingoni wakadhani alizaliwa nayo. Hapana. Alianzia Rusumo mpakani na kamera ya filamu ya mjomba wake, akiwapiga madereva wa malori picha za pasipoti. Alitundika shuka jeupe ukutani, akasimama mbele yao: "Inua kidevu, baba. Huko unakokwenda hawaruhusu usingizi kuingia." Mdomo anao, na mtu akicheka ndipo anabonyeza.

Baadaye akanunua kamera ndogo ya kidijitali pamoja na lenzi pana, fupi na nene kama kinu cha kutwangia vitunguu saumu. Lenzi hiyo, ukisimama nayo mlangoni, inachukua chumba kizima. Vumbi la barabara yetu likaiua ile kamera, akapata nyingine iliyokwisha kutumika, kubwa, ya maana. Lenzi akabaki nayo ile ile. Iliingia vizuri tu, ikakaza.

Ubaya wake alinieleza mwenyewe siku moja tukichambua maharage. Ndani ya kamera kuna kipande bapa kinachopokea mwanga. Katika kamera ndogo ni kidogo, na lenzi ile ilitengenezwa kukitosha hicho. Katika kamera kubwa ni kikubwa zaidi.

"Chukua ungo, shangazi, uulaze juu ya mkeka," akaniambia. "Ungo unafika kwenye pembe za mkeka?"

"Haufiki."

"Basi mwanga wa lenzi yangu ndio ungo. Pembe za picha zinabaki nyeusi."

Lakini anajua namna ya kuishi nayo. Lenzi ina pete ya kuzungusha. Kwenye namba kumi inaona mbali sana kulia na kushoto, na pembe ni nyeusi tii. Ukiifikisha kumi na sita weusi unaondoka, na bado ni pana kuliko lenzi ya kawaida. Njia nyingine ni kuiamuru kamera itumie sehemu ya katikati peke yake. Picha hiyo hutoka safi, ila ndogo, na ukiikuza iwe ya ukutani nyuso zinakuwa kama uji wenye madonge.

Sasa nije kwenye jubilei ya kaka yangu Alfonce na mkewe Generoza, miaka hamsini ya ndoa. Alfonce alitaka picha moja ya ukoo wote, kubwa, ya kutundika sebuleni. Mimi ndiye niliyemtaja Adelfina. Alfonce hakufurahi. Alikuwa amesikia habari za mpiga picha mmoja wa Biharamulo mjini mwenye taa na miavuli ya kutawanya mwanga.

"Haya, apige huyo wako," akasema. "Akiharibu, arusi ya Rozina namwita wa Biharamulo." Rozina ni mjukuu wake, arusi yake ilikuwa mwezi wa nane, na maneno hayo aliyasema Adelfina akiwa anasikia. Binti wa watu akaendelea kufuta lenzi kwa kitambaa.

Tulipotoka misani mvua ikashuka, ile isiyoomba ruhusa. Kungoja hakukuwezekana: Kwizera, mkwe mdogo, ni wakala wa forodha na alitakiwa kurudi Rusumo kabla ya saa tisa. Tukabanana sebuleni watu ishirini na watatu. Adelfina akabandika mgongo kwenye mlango wa jikoni, akazungusha pete mpaka kumi. Baadaye aliniambia aliona weusi, ila alihesabu kwamba pembeni kuna ukuta mtupu, ataukata.

Hakuhesabu wakwe. Kwetu mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe wake. Hawagusani wala hawatazamani usoni. Generoza alipoketi tu katikati na mumewe, wakwe wake wawili wakahama bila kuambiwa. Kwizera akaenda pembe ya kushoto kabisa. Shibuda, Msukuma mrefu aliyemwoa Jovina, akasimama pembe ya kulia. Adelfina akabonyeza.

Alfonce akadai aone. Akavaa miwani, akaisogeza kamera puani.

"Adelfina, wakwe zangu umewapeleka wapi?"

Kamera ikapita mkono kwa mkono. Kwizera akajitafuta. "Nimevuka mpaka bila kugongewa muhuri," akasema.

"Mimi naona goti langu," Shibuda akasema. "Hata hivyo, goti limehudhuria."

Watu wakacheka, lakini Jovina hakucheka. "Baba, hii haitundikwi. Watu watasema mume wangu alinuna jikoni."

"Yule wa Biharamulo asingepoteza mtu," Alfonce akasema.

Adelfina akazungusha pete hadi kumi na sita, akachungulia. Weusi haukuwapo tena, ila wakwe nao hawakuwapo, maana sasa picha iliishia kabla ya kuwafikia. Nyuma yake kulikuwa na mlango na mafiga, hakuwa na pa kurudi. "Wasogee ndani hatua mbili tu," akaomba.

Hakuna aliyesogea. Generoza alikuwa tayari amevuta kitenge usoni.

Hapo nikasimama, kwa sababu mambo ya heshima katika ukoo huu yananihusu mimi, shangazi yao. Nikawakumbusha mwaka niliomaliza darasa la saba, tena nilikuwa wa tatu kwa wasichana, bibi yetu mzaa baba alipougua akapelekwa Biharamulo kwenye lori la kahawa. Mkwe wake alikuwa humo humo, na lori ni moja. Baba alimkalisha bibi akitazama mbele, mkwe akitazama nyuma, wazee katikati yao. Walisafiri hivyo mpaka hospitali na hakuna aliyetozwa mbuzi wa faini.

"Kwa hiyo wakae nyuma ya mama?" Adelfina akauliza.

"Nyuma kabisa. Safu ya wajomba iwe katikati. Generoza atazame kamera, asigeuke."

"Sigeuki," Generoza akasema ndani ya kitenge. "Nina shingo ya miaka sabini, nitageukaje?"

Wakwe wakapita kwa ukutani, wakasimama nyuma ya wajomba. Shibuda akaambiwa apinde magoti kidogo. Nafasi za ukingoni mwa picha zikabaki wazi, na Adelfina ni mkweli, akasema: "Nani anakubali kusimama pembeni? Lenzi hii inavuta watu wa pembeni, inawanenepesha."

Justina, mwembamba wetu ambaye uzazi mara nne haukumwongezea hata kilo, akaruka benchi. "Nipisheni. Nimengojea maneno hayo tangu niolewe."

"Na mimi upande wa pili," nikasema, maana mimi mwili ninao na siogopi nyongeza.

Adelfina akapiga mara tatu. Alfonce akachukua kamera, akahesabu kwa kidole, taratibu, midomo ikicheza. Alipofika ishirini na wawili akasita, akarudia kutoka mwanzo. Nilimwona Adelfina ameushika mkanda wa kamera kwa mikono miwili.

"Ishirini na watatu," Alfonce akasema. Akavua miwani. "Rozina, yule wa Biharamulo mwambie asijisumbue."

"Sikuwahi kumwambia aje, babu."

Adelfina akaketi, akapokea sahani ya ndizi na nyama. Alikula mpaka nusu, kisha akamwuliza Rozina kama arusi itakuwa ya nje au ya ndani.

"Nje, uwanja wa parokia."

"Basi nitakuja na lenzi ya kawaida. Lakini orodha ya wakwe nipe mapema, na kila mmoja uniandikie anamkimbia nani."